Munganga wa Jicho Moja: Maisha ya Denis Burkitt

Mara hii tunaeleza maisha ya Denis Burkitt, munganga ambaye jina lake limebaki juu ya kansere moja ya watoto wa Afrika.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Akiwa na miaka 11, jiwe lilivunja miwani yake, jicho la kuume likapotea. Kule Dublin alianza kusoma uinjenieri, lakini akamwamini Bwana Yesu kweli kweli, akageuza njia, akasoma uganga. Alipoomba kazi ya Afrika, walimukataa sababu ya lile jicho. Ni vita ndiyo ilimufungulia mulango: jeshi la Uingereza lilimutuma Kenya, na mwaka 1946 akafika Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, hospitali kubwa ya Kampala.

Mwaka 1957 munganga mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mutoto wa miaka kama 5. Mataya yake yamevimba pande zote ine, juu na chini, kuume na kushoto. Si jipu, si jino bovu. Nyuma ya majuma machache Burkitt alikuwa hospitali ya Jinja, akatupa jicho kwa dirisha, akaona inje mutoto mwingine mwenye uso ule ule. Akatoka mbio kumupima. Tumboni mule akakuta uvimbe vilevile! Waganga wengine walikuwa wameona watoto kama hao mbele yake, lakini kila uvimbe waliupa jina lake: huu wa taya, huu wa figo, huu wa jicho. Yeye alichambua mabuku ya wagonjwa, akaona ni kansere moja tu. Mwaka 1958 akaiandika.

Tukumbuke alikuwa munganga wa kupasua, na kisu hakikusaidia kitu: watoto walikufa tu. Basi akatafuta kujua ugonjwa unakaa wapi. Alituma picha na maulizo kwa hospitali za serikali na za mission. Oktoba 1961 akapanda gari la Ford, gari kuukuu, pamoja na waganga wawili wa mission, Ted Williams na Cliff Nelson. Majuma 10, kilometa 16.000 hivi, hospitali karibu 60. (Wenye kujua njia ya Kasongo kwenda Kabambare wakati wa mvua wanaelewa.) Ramani yake ilionyesha kwamba ugonjwa unapenda inchi ya joto na mvua, na kwenye milima mirefu ni haba. Kwetu Maniema ya kusini tuko ndani ya inchi ile.

Ni inchi ya mbu pia. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, kule London, walipata virusi ndani ya uvimbe Burkitt aliowatumia. Virusi hivyo karibu kila mutu anavyo. Malaria inayorudi-rudi ndiyo inavipa nguvu kwa watoto.

Kwa kutunza, Uganda ilikuwa haina mashini ya kuchoma kansere kwa miali. Burkitt akajaribu dawa mupya za sindano na za kumeza, na uvimbe ukayeyuka kwa siku chache. Wengine walipona kabisa, wakati ule ambapo watu wengi walifikiri kansere haiponi kwa dawa. Lakini uvimbe huu unakua mbio sana, juma moja ni nyingi. Taya linavimba, meno yanalegea bila kuoza, ao jicho linatoka inje, ao tumbo linajaa: mutoto wa namna ile wengine wanamupeleka kung'olewa meno, wengine wanatafuta muchawi, na siku zinapita. Anayefika mapema kwa munganga na kupata dawa yote anaweza kupona.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafundisha wazungu kula vyakula visivyokobolewa. Alikufa tarehe 23 Machi 1993, miaka 82. Pale Mulago nyumba ya kutunza kansere ilifunguliwa mwaka 1967, na watoto wanaletwa pale mupaka leo.