Niépce: Mfaransa aliyecheza na lami mpaka akafa na madeni, leo kazi yake imo ndani ya simu yako

Ukipita barabara kuu ya kutoka Lusahunga, Biharamulo, kwenda Rusumo, Ngara, kuna kitu madereva wa malori ya Rwanda na Burundi wanakijua vizuri. Lami mpya ni nyeusi, inang'aa, na jua likiwaka inanata hadi kwenye ndala. Lami ya zamani ni ya kijivu, ngumu, imepasuka. Uzito wa malori unachangia, mvua inachangia, lakini jua nalo lina mkono wake: mwanga na hewa vinaifanya ngozi ya juu ya lami kuwa ngumu mwaka hadi mwaka.

Miaka 200 iliyopita kuna mtu aliiangalia tabia hiyo ya lami akaona kazi. Hakuwa mjenzi wa barabara. Alikuwa anatafuta njia ya kulifanya jua lichore picha. Alichokipata ndicho chanzo cha ule utando wa kemikali unaohisi mwanga, fotoresisti, ambao bila huo hakuna chipu, na bila chipu hiyo simu janja uliyoishika ni kioo na plastiki tu.

Anaitwa Nicéphore Niépce. Vitabu vingi vinamtaja kama baba wa picha. Hiyo ni nusu ya habari yake, na pengine si nusu iliyo kubwa.

Alizaliwa Machi 7, 1765 mjini Chalon-sur-Saône, mashariki mwa Ufaransa. Jina lake la kuzaliwa ni Joseph, hilo la Nicéphore alijipa mwenyewe ukubwani. Kwao walikuwa na hela: baba mwanasheria, mashamba, nyumba mjini na nyingine kijijini Saint-Loup-de-Varennes. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka akaingia jeshini, akapelekwa Italia, akaugua vibaya. Mwaka 1794 aliacha jeshi na kumwoa Agnès Romero, mwanamke aliyemuuguza akiwa Nice. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Isidore.

Hapo angeweza kukaa kimya na kula urithi. Lakini alikuwa na kaka yake, Claude, na wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: kuvumbua.

Mwaka 1807 ndugu hao walipata hataza, iliyosainiwa na Napoleon mwenyewe, ya injini waliyoiita Pyréolophore. Ilikuwa injini ya kuchoma mafuta ndani kwa ndani, babu wa injini za bodaboda na malori ya leo. Mwanzoni iliendeshwa kwa unga wa mmea unaowaka haraka, na waliifunga kwenye boti ikapanda mto Saône kinyume na maji. Ilifanya kazi kweli, ila haikuuzika. Claude akaondoka kwenda Paris kutafuta wateja, mwaka 1817 akavuka hadi Uingereza, na huko akaendelea kula mali ya familia mwaka baada ya mwaka huku akiandika barua za matumaini nyumbani.

Nicéphore alibaki Saint-Loup akilipa. Mashamba yakawekwa rehani.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imepata njia mpya ya uchapaji, lithografia, iliyovumbuliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwaka 1796. Unachora kwenye jiwe kwa kitu chenye mafuta, unalilowanisha, unapaka wino, unachapa. Niépce aliipenda. Shida ni kwamba hakujua kuchora. Mchoraji wake alikuwa Isidore, na Isidore naye akaenda jeshini. Ndipo likamjia wazo la mtu aliyeishiwa mchoraji: jua lichore lenyewe.

Mwaka 1816 alijaribu karatasi zilizopakwa chumvi ya fedha, akaziweka ndani ya kamera. Picha zilitokea, lakini zilikuwa kinyume, penye mwanga peusi na penye giza peupe, na hakupata njia ya kuzuia karatasi nzima isiendelee kuwa nyeusi mara tu ikitolewa nje. Akaona anapoteza muda. Akageukia vitu vingine, kimoja kimoja, kwa miaka kadhaa, hadi akafika kwenye lami.

Hii ndiyo sehemu ya kusoma taratibu, maana hapa ndipo simu yako ilipoanzia.

Lami aliyotumia iliitwa lami ya Uyahudi, ya asili, iliyokuwa ikitoka Bahari ya Chumvi. Wachongaji wa mabamba ya kuchapia walikuwa wakiitumia tangu zamani kwa sababu tindikali haiipenyi. Kwa kawaida unayeyusha lami kwenye mafuta ya lavenda bila shida. Niépce aligundua kuwa lami iliyokaa juani inakataa kuyeyuka. Mwanga umeifunga.

Basi akafanya hivi. Aliyeyusha lami kwenye mafuta ya lavenda, akapaka utando mwembamba sana juu ya bamba, akauacha ukauke. Akachukua picha iliyochapwa kwenye karatasi, akaipaka mafuta ili mwanga upenye, akailaza juu ya bamba, akaweka vyote juani. Penye karatasi tupu mwanga ulipita, lami ikawa ngumu. Chini ya mistari myeusi mwanga ulizuiwa, lami ikabaki laini. Alipoosha bamba, ile laini ikaondoka na kuacha madini wazi mahali penye mistari tu. Kisha tindikali. Inakula pale palipo wazi, haigusi penye lami. Ukitoa lami yote, una bamba lililochongwa bila mkono wa mchongaji, tayari kwa wino.

Anayetengeneza batiki ataielewa haraka kuliko mtu yeyote. Nta unaiweka pale usipotaka rangi iingie, unachovya kitambaa, unatoa nta. Tofauti ni moja: mwenye batiki anaweka nta kwa mkono, Niépce aliliachia jua liamue nta ibaki wapi.

Mwaka 1822 alifanikiwa kunakili hivyo picha ya Papa Pius VII juu ya kioo. Mtu mmoja aliyefika kuitazama akaiangusha, ikavunjika. Miaka minne baadaye akafanya picha ya Kardinali d'Amboise kwenye bamba la madini yenye bati nyingi (bati, madini yale yale yanayochimbwa Kyerwa huku Kagera). Alilipeleka Paris kwa mchongaji Lemaître, naye akalikamilisha na kuchapa nakala. Nakala za bamba hilo zipo hadi leo.

Picha ambayo dunia inaikumbuka ni nyingine. Mwaka 1826 au 1827 aliweka bamba lenye lami ndani ya kamera, akaielekeza nje ya dirisha la ghorofani Saint-Loup. Hakukuwa na karatasi ya kunakili hapo, ilikuwa mandhari yenyewe: paa, mnara wa njiwa, mti. Ilichukua masaa 8 kwa hesabu iliyozoeleka, na watafiti wa baadaye wanaona huenda zilikuwa siku kadhaa. Jua lilizunguka, kuta za pande zote mbili zikapata mwanga. Ndiyo picha ya zamani kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na zikabaki.

Kusema ukweli, kama picha ilikuwa dhaifu. Lami ni nzito kuamka. Hakuna mtu angekaa juani siku nzima apigwe picha.

Mwaka 1827 habari mbaya zilitoka Uingereza: Claude ni mgonjwa sana. Niépce na mkewe walifunga safari kwenda Kew, karibu na London. Walimkuta kaka mtu amechanganyikiwa, injini haijauzwa, hela zimeisha. Niépce alijaribu angalau asirudi mikono mitupu. Kwa msaada wa Francis Bauer, mchoraji wa mimea aliyeishi hapo Kew, alijaribu kuwasilisha kazi yake kwenye Jumuiya ya Kifalme, chama kikubwa cha wanasayansi wa Uingereza. Wakagoma. Sharti lao lilikuwa aeleze namna anavyofanya, na yeye hakutaka kutoa siri. Ilikuwa ndiyo mali pekee iliyobaki.

Aliondoka. Mabamba akamwachia Bauer. Claude alifariki Februari 1828.

Kwenye safari hiyohiyo, akipita Paris, alikuwa amekutana na mtu ambaye jina lake lingefunika lake: Louis Daguerre, mchoraji wa mapazia ya maonyesho, mjanja wa biashara, naye akitafuta picha ya kudumu. Niépce alimwogopa mwanzoni. Lakini mtu wa miaka 64 mwenye madeni hana nafasi kubwa ya kuchagua. Desemba 14, 1829 walisaini mkataba wa ushirika, na ile siri iliyofichwa London ikaandikwa kwenye karatasi kwa ajili ya Daguerre.

Julai 5, 1833 Niépce alifariki ghafla nyumbani. Alikuwa na miaka 68, na familia haikuwa na hela hata ya kaburi. Halmashauri ya mji ndiyo ililipa.

Daguerre aliendelea peke yake, akaacha lami, akarudi kwenye fedha, akapata njia ya haraka zaidi. Januari 1839 dunia ikatangaziwa uvumbuzi wenye jina lake. Serikali ya Ufaransa ilinunua siri hiyo kwa pensheni: faranga 6,000 kwa mwaka kwa Daguerre, 4,000 kwa Isidore Niépce. Isidore hakunyamaza. Mwaka 1841 alichapisha kijitabu cha kupinga jina hilo na kudai haki ya baba yake. Haikubadilisha mengi.

Lami ile haikufa, ila ilihama kiwanda. Wapiga picha waliiacha, wachapaji wakaichukua. Ndugu wa ukoo huohuo, Abel Niépce de Saint-Victor, aliiboresha miaka ya 1850 kwa ajili ya kuchonga mabamba ya picha. Hapo ndipo kosa la lami kwenye kamera likageuka kuwa sifa: hakuna aliyejali inachelewa, ilimradi inazuia tindikali.

Karne moja baadaye lami yenyewe ikapumzishwa. Louis Minsk, mwanakemia wa Kodak, alitengeneza polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ambayo ikipigwa na mwanga minyororo yake inashikana na kukataa kuoshwa. Tabia ni ileile ya lami ya Niépce, ila safi na ya kuaminika. Mwaka 1957 Jay Lathrop na James Nall, waliokuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani mjini Washington, walitumia utando wa Kodak kuchora transista ndogo sana za kuingia kwenye viwashio vya makombora ya mota. Wakaiita fotolithografia, jina lililobeba ndani yake ile kazi ya mawe ambayo Niépce alishindwa kuichorea.

Kiwandani leo mambo huenda hivi. Kisahani cha silikoni kinazungushwa kwa kasi, fotoresisti inadondoshwa katikati na kutanda. Mwanga unapitishwa kwenye ramani ya saketi. Utando unaoshwa: kuna aina ambazo palipopigwa mwanga panabaki, kama lami ya Niépce, na kuna aina ambazo ndipo panapoondoka. Kisha kemikali au gesi inakula palipo wazi. Inarudiwa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka. Kwenye chipu za kisasa kabisa mwanga unaotumika una wimbi la nanomita 13.5, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jua la Saint-Loup halifui dafu hapo.

Na siri bado ni mali. Julai 2019 Japani, ambako ndiko zinakotengenezwa fotoresisti nyingi za ubora wa juu, ilibana uuzaji wake kwenda Korea Kusini wakati nchi hizo zikizozana. Viwanda vikubwa vya chipu duniani vikaanza kuhesabu chupa zilizobaki stoo. Huku Afrika Mashariki kazi hii imeanza kuguswa Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kwenye kampuni ya semikondakta iliyo hapo chuoni.

Lile bamba la dirishani aliloachiwa Bauer lilipita mikono kadhaa Uingereza, likapotea. Mwaka 1952 mwanahistoria Helmut Gernsheim alilipata ndani ya sanduku la familia moja. Lilikuwa limefifia hadi mtu angedhani ni kipande cha chuma tu, mpaka ukiligeuza kidogo kwenye mwanga ndipo paa linatokea. Sasa liko Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, likiwa bado na lami yake.