Gandhi na wakili asiyependa kesi

Kuna mazoea yaliyotuganda ya kumpima wakili kwa idadi ya kesi alizoshinda. Kijana anayetamani kusomea sheria humwazia wakili kuwa mtu wa maneno makali, awezaye kumhoji shahidi hadi akatokwa na kijasho. Maisha ya Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye walimwengu humkumbuka zaidi kwa kupigania uhuru wa India, yanatupa kipimo kingine.

Gandhi alizaliwa Porbandar, katika eneo la Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869. Alisomea sheria mjini London, akahitimu kuwa wakili Juni 1891. Aliporejea kwao mambo hayakumwendea vyema. Katika kesi yake ya kwanza mjini Bombay alisimama kumhoji shahidi, ulimi ukawa mzito, akaketi bila ya kuuliza swali hata moja. Aliiacha kesi hiyo, akashauri mteja arudishiwe fedha zake na kutafuta wakili mwingine, kisha akatoka mahakamani kwa haya.

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara wa Durban, ilimwajiri kwa muda wa mwaka mmoja na ujira wa pauni 105. Safarini meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar, kisha akaendelea hadi Natal. Kisa cha kutolewa kwa nguvu katika gari la moshi pale Pietermaritzburg kinafahamika na wengi. Kesi aliyokuwa akiiendea Pretoria haifahamiki sana, nayo ndiyo iliyomfunza uwakili.

Dada Abdulla alikuwa akimdai Tyeb Haji Khan Muhammad pauni 40,000. Wawili hao walikuwa jamaa, tena wenyeji wa mji mmoja kule India. Gandhi alinunua kitabu cha uwekaji hesabu akajifunza, akachambua madaftari na barua za Kigujarati, hata akaridhika kwamba haki iko upande wa mteja wake. Wakili mwingine angeshangilia. Yeye aliona kwamba gharama za mawakili zilipanda kila uchao na chuki ikazidi, na kwamba kesi ikiendelea itawafilisi wote wawili. Aliwasihi wamteue msuluhishi nje ya mahakama, nao wakakubali. Msuluhishi akampa ushindi Dada Abdulla: pauni 37,000 pamoja na gharama.

Je, kazi ilikwisha? La hasha! Tyeb hakuweza kulipa fedha zote kwa mara moja, na miongoni mwa wafanyabiashara wenzake kufilisika kulikuwa ni fedheha kubwa kuliko kifo. Hapo ndipo Gandhi alipomgeukia mteja wake mwenyewe, aliyeshinda, akamwomba apokee deni lake kidogo kidogo kwa muda mrefu. Baadaye alikiri kwamba jambo hili lilikuwa gumu kuliko lile la kuwafikisha kwa msuluhishi. Hatimaye Dada Abdulla alikubali, na heshima ya wote wawili ikasalimika. Wahenga walinena kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune; Gandhi aliwaharakishia mavuno.

Tangu hapo, katika takriban miaka 20 ya uwakili, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupatanisha watu faraghani, na alishuhudia kwamba hakupoteza kitu, hata fedha. Rafiki yake Rustomji wa Durban aliponaswa kwa kukwepa ushuru wa forodha, Gandhi alimshauri akiri kila kitu. Kesi haikufika mahakamani: Rustomji alilipa maradufu ya kiasi alichokiri, akakitundika kisa hicho ofisini mwake kiwe onyo kwa warithi wake.

Hata hivyo, mpatanishi hulipa gharama yake. Mwaka 1908 Gandhi alipatana na Jenerali Smuts juu ya sheria ya kuwaandikisha Wahindi wa Transvaal. Mir Alam, aliyepata kuwa mteja wake, aliona huo ni usaliti, akampiga hadi akazirai. Gandhi alisihi washambulizi wasishtakiwe. Alipoona kwamba Smuts hakutimiza ahadi, alirudi katika mapambano, na wafuasi wake wakachoma vyeti vyao hadharani. Kwake, kupatana hakukuwa kusalimu amri. Mapatano mengine yalifikiwa mwaka 1914, naye akaondoka Afrika. Lakini tuseme ukweli: Waafrika, wenye nchi, hawakuwamo katika mapatano hayo, na baadhi ya maandishi yake ya miaka ya mwanzo yaliwadunisha. Alifariki kwa risasi tarehe 30 Januari 1948.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze upatanishi na usuluhishi, pamoja na njia za jadi. Maandishi hayo ni mema, lakini hayatoshi. Mzozo wa shamba baina ya ndugu hauishi hakimu atamkapo nani ameshinda; huisha mshindi akubalipo kumwachia aliyeshindwa mahali pa kusimama. Mwalimu anayeamua ugomvi wa wanafunzi analijua hilo. Basi na wanafunzi wetu wa sheria wafunzwe, pamoja na mbinu za kushinda, namna ya kumgeukia mteja aliyeshinda na kumwomba alegeze kamba.