Frederick Banting na Protini Ndogo Iliyookoa Wengi

Frederick Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika jamaa ya wakulima karibu na Alliston, nchini Kanada. Alihitimu udaktari mwaka 1916, akahudumu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1918 akajeruhiwa mkono nchini Ufaransa. Aliporejea alifungua zahanati mjini London, Ontario, lakini wagonjwa walikuwa haba.

Zama hizo, mtoto aliyeugua kisukari hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula, akakonda huku akingojea mauti. Ilijulikana kwamba kongosho hutoa kitu kinachodhibiti sukari ya damu, bali waliojaribu kukipata kikiwa safi walishindwa. Oktoba 1920, Banting alipata wazo la kufunga mirija ya kongosho ili kukinusuru kitu hicho kisiharibiwe na vimeng'enya vya kusaga chakula. Mwaka 1921, Profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimpa maabara, mbwa wa majaribio na msaidizi kijana, Charles Best. Baadaye mwanakemia James Collip akajiunga nao.

Tarehe 11 Januari 1922, mvulana Leonard Thompson alidungwa insulini. Haikumfaa. Collip aliisafisha upya, na sindano ya tarehe 23 ikaishusha sukari. Thompson aliishi hadi mwaka 1935.

Ufanisi huo ulizaa mfarakano. Tuzo la Nobel la mwaka 1923 liliwaendea Banting na Macleod pekee. Banting alighadhibika kwamba Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Macleod naye akagawana na Collip. Hata hivyo, Banting, Best na Collip walikuwa wamekiuzia chuo hataza ya insulini, kila mmoja kwa dola moja tu.

Banting alifariki Februari 1941 kufuatia ajali ya ndege huko Newfoundland. Katika miaka ya 1950, Frederick Sanger wa Cambridge alidhihirisha kuwa insulini ni minyororo miwili yenye jumla ya asidi amino 51 tu, ilhali protini nyingi zina mamia. Siku ya kuzaliwa kwa Banting ndiyo Siku ya Kisukari Duniani. Jina lake ndilo lililovuma, lakini kidole kimoja hakivunji chawa: bila wale watatu, wazo lake lingebaki daftarini.