Cajal: Aliyewaza jinsi neva zinavyopata njia, minyoo ikaja kumthibitisha

MNAMO 1890, daktari mmoja wa Uhispania alichungulia kwa hadubini kipande chembamba cha uti wa mgongo wa kifaranga ambaye hajaanguliwa. Kwenye ncha za nyuzi changa za neva aliona vivimbe vyenye umbo la pia, ile wanayochezea watoto.

Kipande hicho kilikuwa kimekufa na kutiwa rangi, hivyo hakuna kilichosogea. Hata hivyo, Santiago Ramón y Cajal alishikilia kwamba alichokiona ni kitu kilicho safarini: ncha laini inayopapasa gizani na kusukuma vizuizi kando hadi ifike inakotakiwa.

Cajal alizaliwa Mei 1, 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Babake, Justo, alikuwa daktari mkali aliyetaka mwanawe afuate nyayo zake, ilhali mtoto alipenda kuchora tu. Utundu ulimfikisha korokoroni akiwa na miaka 11, baada ya kuliharibu lango la jirani kwa mzinga aliojiundia. Alipelekwa akafunzwe unyozi, kisha ushonaji viatu, lakini wapi!

Kilichomvuta kwenye udaktari ni mifupa. Mnamo 1868 babake alimpeleka makaburini waiokote ili ajifunze maumbile ya mwili, na kijana akavutiwa na kuichora.

Alifuzu mjini Zaragoza mnamo 1873, akatumwa Cuba kama daktari wa jeshi na kurejea amedhoofishwa na malaria.

Mwaka wa 1887, mwenzake jijini Madrid alimwonyesha vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi. Mbinu hiyo, inayotumia chumvi ya madini ya fedha, huzigusa seli chache tu, lakini kila inayoguswa huwa nyeusi pamoja na matawi yake. Cajal aliitumia kwa viinitete, ambamo neva bado hazijasongamana. Mwaka uliofuata alianzisha jarida lake mwenyewe, akaligharamia kutoka mfukoni.

Alitangaza kwamba neva si wavu mmoja ulioungana, bali ni seli zinazojitegemea. Golgi hakukubali. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mnamo 1906, na hata hapo Golgi alitumia hotuba yake kuipinga nadharia hiyo.

Lakini ikiwa seli zimetengana, kila uzi huijuaje njia ya kumfikia mwenzake? Mnamo 1892, akichunguza retina ya jicho, Cajal alipendekeza kwamba kuna seli zinazotoa kemikali, na ncha za nyuzi huzifuata mithili ya mbwa afuataye harufu. Wazo hilo alilichota kwenye elimu ya chembe nyeupe za damu, ambazo tayari zilijulikana kuvutwa na kemikali. Ushahidi hakuwa nao. Alifariki Madrid Oktoba 17, 1934, akiwa na miaka 82, bila yeyote kuwahi kuinasa hata kemikali moja ya aina hiyo.

Ushahidi ulitoka kwa mnyoo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita moja hivi na seli za neva 302. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Cambridge, Uingereza, alichapisha mnamo 1974 utafiti kuhusu minyoo yenye kasoro za jeni. Mingi haikuweza kutambaa sawasawa.

Mnamo 1990, Edward Hedgecock, Joseph Culotti na David Hall walionyesha kwamba jeni tatu, unc-5, unc-6 na unc-40, zikiharibika, nyuzi zinazopaswa kupanda mgongoni au kushuka tumboni hupotea njia.

Baadaye ilibainika kwamba unc-6 huunda protini inayotolewa na seli za upande wa tumbo. Uzi wenye kipokezi cha unc-40 huifuata na kushuka. Wenye kipokezi cha unc-5 huikimbia na kupanda. Ishara ni moja, ila humwita huyu na kumfukuza yule.

Mnamo 1994, kikundi cha Marc Tessier-Lavigne huko California kilipata katika ubongo wa viinitete vya kuku protini za ukoo mmoja na ile ya mnyoo. Ziliitwa netrini, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kiongozi wa njia. Nyuzi zinazoitwa na netrini katika uti wa mgongo ni za aina ileile ambayo Cajal aliichora kwa mkono wake mnamo 1890.