Kakai Kilonzo: Gitaa lililosikika lile lile kila mahali

Umekesha siku tatu ukitengeneza biti. Kwenye hedifoni besi inatetemesha meno. Asubuhi unamtumia rafiki, anaifungua kwa simu, besi haipo. Kwenye matatu nayo imekuwa ngurumo tupu. Pole. Hata mimi niliacha chuo nikatunga wimbo, nikamtumia mamangu kule Mukuyuni, Makueni. Kwa kabambe yake alisikia tu vyuma vikilia tsi-tsi-tsi. Akaniuliza wimbo uko wapi.

Kabla hujanunua spika ghali, hebu mjue jamaa aliyefariki mimi na wewe hatujazaliwa.

Kakai Kilonzo alizaliwa 1954 upande wa Kilimambogo, Ukambani. Miaka ya 70 akaongoza bendi ya Les Kilimambogo Brothers, wakipiga benga ya Kikamba. Lakini yeye hakuimba Kikamba tu, aliimba Kiswahili pia, ndiyo maana Mama Sofi iliwafikia hata wasiojua neno moja la Kikamba.

Sasa fuata safari ya wimbo wa enzi hizo. Ni santuri ndogo ya 45. Nairobi inapigwa baa kwa spika kubwa. Kijijini wimbo huo huo unatoka kwa redio ya betri yenye spika kama kiganja. Spika hiyo haiwezi kusukuma besi ya chini, na mawimbi ya kati yanakata sauti kali za juu. Kinachobaki ni katikati tu.

Na hapo katikati ndipo benga ya Kakai ilipoweka mali yake. Sauti ya mwimbaji iko hapo. Gitaa la solo, jembamba na kali, linamjibu hapo hapo. Gitaa la besi haliungurumi tu, linatembea na melodia yake, kwa hivyo sikio linaifuata hata kwa redio mbovu. Ngoma inadunda bila kuyumba. Ukipata spika kubwa unaongezewa uzito. Ukipata ndogo, wimbo bado ni ule ule.

Basi wewe fanya hivi. Sikiliza biti yako kwa sauti ya chini, kwa spika moja, kisha kwa simu, kisha ndani ya gari. Besi ikipotea, usiipandishe. Ikwaruze kidogo ipate sauti za juu yake. Sikio litajaza lile la chini lenyewe. Mwimbaji akizama, punguza kinachomfunika.

Kakai alifariki 1987, hata miaka 35 hajafikisha. Nyimbo zake zimehama kutoka santuri hadi kaseti, hadi simu, na bado ukisikia gitaa lile unajua ni nani.

Mimi nilirudi kwa wimbo wangu, nikautuma tena Mukuyuni. Mama hakuuliza kitu. Alinipigia akiimba kiitikio.