Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20. Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto inayoitwa leo limfoma ya Burkitt, na kwa kuchora ramani yake katika Afrika. Ramani hiyo ina mkia unaoshuka kando ya Bahari ya Hindi, kupita Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, hadi Msumbiji.

Maisha ya awali

Alizaliwa Enniskillen. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza masomo ya uhandisi Dublin, akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa daktari wa jeshi, akafika Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Huko aliona kwamba busha, ugonjwa ambao watu wa pwani wanaufahamu sana, lilikuwa la kawaida upande mmoja wa wilaya na nadra upande mwingine. Pengine hapo ndipo alipojifunza kuuliza ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupo.

Uvimbe wa taya

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Alirudi kwenye majalada ya Mulago, akagundua kwamba uvimbe wa taya na uvimbe wa tumboni, ambao madaktari waliuhesabu kama magonjwa tofauti, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958. Bila tiba, watoto hao walikufa katika muda wa miezi michache.

Kisha alituma picha za ugonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama umeonekana huko. Oktoba 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walianza safari ya gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika. Kwa wiki 10 hivi walisafiri takriban kilomita 16,000 na kufika hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni.

Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500. Walipokwenda kusini mpaka huo ulishuka, na Msumbiji uvimbe ulipatikana kwenye nchi tambarare tu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alisaidia kuonyesha kwamba kizuizi hakikuwa mwinuko wenyewe bali baridi: ugonjwa ulihitaji joto lisiloshuka chini ya nyuzi 16 hivi, na mvua ya kutosha. Basi palipo na mbu. Hata hivyo Unguja na Pemba, zenye joto na mvua kama bara, ugonjwa ulikuwa nadra. Huko malaria ilikuwa imepunguzwa.

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt alitumia dawa peke yake, na baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa saratani wakati huo.

Chanzo

Anthony Epstein, aliyesikiliza mhadhara wa Burkitt mjini London mwaka 1961, aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya ndani yake, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Lakini virusi hivyo viko kwa watu karibu wote duniani, kwa hiyo havitoshi kueleza ramani. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini, Tanzania, walipewa klorokwini kuzuia malaria. Ugonjwa ulipungua, ila ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na matokeo hayakuwa ya uhakika. Watafiti wengine walichunguza mnyaa, mmea unaopandwa kama ua wa nyumba: katika maabara utomvu wake mweupe huamsha virusi hivyo. Mwaka 2012 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka malaria kali ya kudumu kati ya visababishi vinavyoelekea kuleta saratani hii.

Burkitt mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1966 na kuhamia utafiti wa nyuzinyuzi katika chakula na magonjwa ya utumbo. Alifariki mwaka 1993.