Kujuana kwa Kazi: Funzo la Maisha ya Fadhili William

Kila mwaka vyuo vyetu hutoa vijana wengi wenye vyeti vizuri, na kila mwaka vijana hao hukabiliwa na ukuta uleule. Mwajiri hutaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu nao haupatikani bila ya kuajiriwa. Katika mji wa Voi jambo hili laonekana waziwazi. Hapo pana reli, pana lango la kuingilia Mbuga ya Tsavo Mashariki, pana hoteli za watalii, pana hospitali kubwa, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta hakiko mbali. Hata hivyo nafasi moja ya kuongoza watalii au ya uuguzi hugombewa na watu wengi, na anayeikosa husema kwa uchungu kwamba aliyeipata alikuwa akijuana na wakubwa.

Neno hilo, kujuana, limechafuka katika nchi yetu. Likitajwa tu, watu huwaza undugu, hongo na simu iliyopigwa usiku kwa ajili ya mtoto wa fulani. Ni kweli kwamba wako wanaopata kazi kwa njia hiyo, na hiyo ni dhuluma kwa wengine wanaostahili. Lakini kuna kujuana kwa namna ya pili ambako hakununuliwi wala hakurithiwi. Ni kule kwa watu waliofanya kazi bega kwa bega hata kila mmoja akamfahamu mwenzake: nani hufika mapema, nani hutegea, nani akikosolewa hununa na nani hujirekebisha. Kujuana kwa namna hiyo ni elimu, na kijana asiyekuwa na mjomba serikalini anaweza kukupata. Ili kulieleza jambo hili sina haja ya kwenda mbali. Watu wa Taita wanaye mwana wao aliyeingia katika kazi yenye ushindani mkali akiwa kijana mdogo, akaitikisa dunia, na hatimaye akatuachia funzo la pili lililo chungu zaidi.

Mtu huyo ni Fadhili William Mdawida, mwanamuziki aliyezaliwa Taita tarehe 11 Novemba 1938. Jina lake la tatu lilitangaza asili yake kila lilipotajwa, kwa kuwa Wataita wenyewe hujiita Wadawida, watu wa milima ya Dawida. Alipozaliwa, reli ilikuwa imekwisha kupita Voi kwa miaka arobaini hivi, na watu wa milimani waliotaka ajira walikuwa wakiteremka hadi hapo kupanda gari la moshi, wengine kwenda Mombasa na wengine Nairobi. Kubaki nyumbani kulimaanisha shamba la mzazi au mashamba makubwa ya katani. Kwa kijana aliyependa muziki, njia ya reli ilikuwa ndiyo njia ya pekee, maana studio za kurekodia zilikuwa mijini.

Yafaa wanafunzi wa leo waelewe hali ya muziki ilivyokuwa katika miaka hiyo ya 1950, ili wasidhani kwamba wazee wetu walikuta milango wazi. Nairobi ilikuwa mji wa kikoloni. Tangu mwaka wa 1952 hadi mwanzoni mwa 1960 nchi ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, na Mwafrika hakutembea apendavyo. Studio zilikuwa chache, na wenye kuzimiliki walikuwa Wazungu na Wahindi. Mwenye studio ndiye aliyeamua nani arekodiwe, wimbo gani utolewe katika santuri na mpigaji alipwe nini. Gitaa lilikuwa ghali kwa mtu wa mshahara mdogo, wala hapakuwa na chuo cha kufundishia ufundi huo.

Zaidi ya hayo, waliotangulia walikuwa hodari. Alikuwako Fundi Konde, mwana wa Pwani, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki huko Burma na kurudi na ujuzi ambao wengi hawakuwa nao. Walikuja pia mafundi wa gitaa kutoka Kongo, Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo, ambao vidole vyao viliwafanya wapigaji wengi wa hapa waanze kujifunza upya. Kijana kutoka Taita aliyetaka kupenya katikati ya watu hao hakuwa na cheti cha kuonyesha. Alihitaji kusikika akipiga, na ili asikike alihitaji kuwa mahali wanapopigia wengine.

Hapo ndipo tunapoiona hekima ya bendi. Bendi ni darasa. Anayejiunga nayo hujifunza kusikiliza kabla ya kusikilizwa, hushika sauti ya pili mwenzake anaposhika ya kwanza, na makosa yake hurekebishwa papo hapo na watu wanaotaka wimbo ufanikiwe. Fadhili alikuwa katika bendi ya Jambo Boys, na ni pamoja na bendi hiyo alipoimba na kurekodi, mnamo mwaka wa 1960, wimbo uitwao Malaika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu. Wimbo wenyewe ni wa kijana anayempenda msichana na kutaka kumwoa lakini anazuiwa na umaskini. Ni jambo dogo la kila siku, limesemwa kwa Kiswahili chepesi, na huenda ndiyo sababu lilipenya mioyo ya watu wengi.

Wakati huohuo Mzungu mmoja aitwaye Charles Worrod alikuwa akiendesha studio ya Equator Sound mjini Nairobi. Alihitaji kikosi cha wanamuziki wa kudumu, watakaoweza kurekodi nyimbo zao wenyewe na kuwasindikiza wengine. Kikosi hicho ndicho Equator Sound Band, na kiongozi wake wa mwanzo alikuwa Fadhili William. Tazama waliokuwamo: Daudi Kabaka na Gabriel Omolo, Sylvester Odhiambo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Watu wa makabila mbalimbali na nchi mbili tofauti walikutana katika chumba kimoja, lugha yao ya pamoja ikiwa Kiswahili na gitaa. Hapakuwa na wa ukoo mmoja aliyembeba mwenzake.

Kazi ya kikosi cha studio ilikuwa na utaratibu ambao kila mwanafunzi angenufaika kuutafakari. Leo wewe ndiye mwimbaji mkuu na wenzako wako nyuma yako. Kesho mwenzako ameleta wimbo wake, nawe unakaa nyuma kumpigia. Anayempigia mwenzake kwa uvivu atapigiwa kwa uvivu. Kwa njia hiyo ujuzi wa mmoja ulikuwa ujuzi wa wote, na jina la mmoja liliwavuta wengine. Ndivyo ilivyotokea. Kabaka akawa mfalme wa mtindo wa twist katika Afrika Mashariki, na wimbo wake Helule Helule ukachukuliwa na kundi la Waingereza, The Tremeloes, mwaka wa 1968. Omolo naye alitia fora katika miaka ya 1970 kwa wimbo wake Lunch Time, uliowahurumia wafanyakazi wa mjini wakati wa chakula cha mchana. Majina hayo makubwa yote yalipitia benchi moja.

Mwaka wa 1963 Malaika ulirekodiwa tena, safari hii katika studio ya Equator, na kutoka hapo ukaota mabawa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba, na mwaka wa 1965 ulikuwamo katika santuri aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte huko Marekani, santuri ambayo ilishinda tuzo ya Grammy. Mwaka wa 1981 uliimbwa na kundi la Boney M, lililokuwa na makao yake Ujerumani, na mwaka wa 1991 ukaimbwa na Angélique Kidjo wa Benin. Watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili walijifunza kulitamka neno malaika. Hakuna balozi wa Kenya aliyeifikisha lugha hii mbali kiasi hicho kwa dakika tatu.

Kama hadithi ingeishia hapa, ingekuwa hadithi tamu ya kijana aliyejifunza kazi kwa wenzake akafanikiwa. Lakini maisha ya Fadhili yana sura ya pili, na mwalimu mwaminifu hana budi kuisoma darasani pamoja na ile ya kwanza. Wimbo uliozunguka dunia haukumletea mwimbaji wake mali iliyolingana na sifa zake. Katika studio za siku zile aghalabu mwanamuziki alilipwa kitita kimoja, akatia sahihi karatasi ambayo hakusomewa vizuri, na habari ya mrabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapouzwa au kupigwa, ikabaki mikononi mwa wengine. Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe ya hakimiliki hadi mwaka wa 1966, na wakati huo Malaika ulikuwa umekwisha kurekodiwa mara mbili na kuvuka bahari.

Likazuka na jambo la pili. Wako waliodai kwamba mtunzi wa wimbo huo ni mtu mwingine. Adam Salim, aliyepiga muziki katika miaka ya 1940, ametajwa, na Grant Charo vilevile. Fadhili alishikilia kuwa wimbo ni wake, na linalokubalika ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuurekodi. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi lilivyozaliwa. Mahali ambapo watu huketi pamoja, hupeana sauti na hukamilishiana mistari, wala pasiwe na anayeandika nani kaleta nini na siku gani, udugu wa leo hugeuka ugomvi wa kesho. Ushirika uliomlea Fadhili ulimpa kila kitu isipokuwa karatasi.

Katika miaka ya 1980 Fadhili alihamia Marekani, akaishi huko miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani. Alifariki Mombasa tarehe 11 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 62. Kijana aliyeimba habari za mapenzi yaliyozuiwa na ufukara hakuupata utajiri ambao wimbo huo ungeweza kumpa.

Basi tujifunze nini? La kwanza ni kwamba uzoefu hauanzi siku ya barua ya ajira. Huanza pale kijana anapokubali kukaa nyuma na kumpigia mwingine. Mwanafunzi wa Voi anayetaka kuongoza watalii asisubiri tangazo la gazeti. Awatembelee waongozaji wa Tsavo, aombe kufuatana nao, ajifunze majina ya ndege na njia za ndovu, abebe mizigo ikibidi. Anayetaka uandishi wa habari aandike habari za kijiji chake na kuzipeleka redioni hata kabla ya kulipwa. Siku nafasi itakapotokea, atakayeulizwa kama anamjua kijana mwenye bidii atalitaja jina lake, na jibu hilo halitakuwa hongo. Litakuwa ushahidi.

Najua wapo watakaosema kwamba kufanya kazi bila ujira ni anasa ya wenye baba tajiri, na kwamba waajiri wengine huwatumia vijana mwaka mzima kwa kisingizio cha kuwapa mazoezi. Neno hilo lina ukweli, na ndipo linapoingia funzo la pili. Anayejitolea ajue anajitolea kwa muda gani, atafundishwa nini, na kazi aliyoifanya itaitwa kwa jina la nani. Asiogope kuomba hayo yaandikwe. Mwenye nia njema hatachukia, na atakayechukia amekwisha kujieleza mwenyewe.

La tatu lawahusu walimu. Tunawafunza vijana wetu kuandika insha, barua na mashairi, lakini ni wangapi wanaotoka shuleni wakijua kuusoma mkataba? Wanafunzi wanaotunga nyimbo kwa ajili ya tamasha za muziki za shule, ni wangapi waliofundishwa kuandika jina lao na tarehe chini ya utungo? Somo hilo halihitaji kitabu kipya. Lahitaji kipindi kimoja na mfano mmoja, na mfano wenyewe ni huu wa mtu aliyetoka katika milima inayoonekana kutoka Voi.

Methali yetu husema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Fadhili William hakuwa kidole kimoja. Alikuwa mkono mzima pamoja na wenzake, na ndiyo sababu alisikika. Vijana wetu nao waunde mikono ya namna hiyo, wajuane kwa kazi na wainuane kwa kazi. Kisha, kabla hawajaondoka studioni, wahakikishe kwamba kila mmoja amesoma alichokitia sahihi.